Adhana Niliyoikata

Ramla wa kazini amenitaka niandike. Anasema vijana wapya wanaiona karatasi iliyobandikwa ukutani juu ya meza ya kukatia sauti, imeandikwa kwa kalamu nene "Nyuma yake pana nini?", na kila mmoja anaifasiri anavyotaka. Mmoja amedhani ni mambo ya dini. Mwingine amedhani nyuma ya ukuta umepita waya wa umeme, basi haegemei pale hata akichoka. Karatasi hiyo niliibandika mimi, na kwa kuwa sasa ni miezi mitatu tangu nistaafu, na mume wangu ameshachoka kuniona nikihamisha makochi kila asubuhi, nimekaa kitako niandike.

Vyeo na mishahara sitavigusa. Nilipanda kidogo kidogo, mwisho nikashuka kwa ngazi zile zile nilizopandia, na magoti yakiwa mabaya zaidi. Nitakayoyasema ni ya kazi yenyewe.

Nilianza redioni, zama za utepe. Wakati huo sauti ilikuwa kitu cha kushikika: utepe mwembamba wa rangi ya kahawa, umezungushwa kwenye gurudumu. Ukitaka kuondoa neno unalitafuta kwa sikio, unalitia alama kwa penseli nyeupe, unakata kwa wembe mbele yake na nyuma yake, halafu unaunga ncha mbili kwa gundi. Neno ulilolikata linabaki mkononi mwako, urefu wa kidole. Vipande ambavyo sijaamua kuvitupa nilikuwa nikivitundika shingoni, nikatembea navyo ofisini kama muuza shanga.

Aliyenifundisha ni Bwana Hamdu, fundi mitambo, mtu mfupi, mchache wa maneno, mwenye kofia iliyofuliwa mpaka ikasahau rangi yake. Siku yangu ya kwanza nilivaa nguo mpya, nikitegemea nitapewa maikrofoni. Alinipa ndoo. Ndani yake mlikuwa na vipande vya utepe vilivyotupwa wiki nzima.

"Viunge vyote," akanambia.

"Kwa mpango gani, Bwana?"

"Hivyo hivyo vilivyo."

Wiki nzima nikaunga takataka na kuzisikiliza. Makohozi ya waheshimiwa. Viti vikilia. Mtu akisema "hilo musilitie" halafu akalisema tena kwa raha. Siku ya mwisho Bwana Hamdu aliniuliza kila kipande kimetoka kwa nani na kilikuwa kati ya neno gani na neno gani. Sikujua hata kimoja. Alichukua ndoo, akaijaza tena, akanirudishia. Nilimchukia mpaka ndoo ya tatu.

Kosa langu la kwanza kubwa lilitokea Ramadhani ya mwaka ule ule. Nilitengeneza kipindi juu ya mafundi wa chokaa waliokuwa wakikarabati msikiti mkongwe mmoja wa mjini. Kilikuwa kizuri, nasema mwenyewe. Kilimalizikia kwa muadhini kupanda na kuadhini Magharibi, sauti imerekodiwa wiki moja kabla, nami niliona hakuna mwisho mtamu kama ule. Nilikipanga kirushwe jioni, na kikaisha dakika kumi kabla ya Magharibi yenyewe.

Mtaa mzima ulifuturu. Mitaa, niseme ukweli. Watu walikuwa wamekaa mbele ya vyungu vya uji na sahani za tende, sikio lipo redioni, wakasikia "Allahu Akbar". Nani atabisha?

Nilikuwa bado nimeketi nikijipongeza Bwana Hamdu alipoingia kutoka uani.

"Zaina."

"Naam, Bwana."

"Ile adhana ni ya wapi?"

"Ya kwenye kipindi, Bwana."

Alitazama saa ya ukutani. Kisha akatazama kokwa ya tende iliyokuwa kwenye kiganja chake. Akatoka kwenda kusukutua.

Siku alipoilipa ile funga alinilazimisha na mimi nifunge naye, ingawa mimi yangu haikuwa imebatilika, na siku hiyo akanipa kazi ya kupanga utepe kwenye stoo isiyo na dirisha. Jina la Bi. Futari nililipata hapo, nikiwa sijafika hata miaka ishirini na mitatu, na kuna watu mpaka leo hawanijui kwa jina jengine. Kuanzia siku ile nilijiwekea sheria. Adhana isiyo ya wakati wake haipiti kwenye mikono yangu. Nikiikuta kwenye kurekodi, naiondoa yote, tangu pumzi ya kwanza ya muadhini mpaka mwisho. Sheria hiyo nimeishika miaka yote ya kazi, nikajivuna nayo, na ndiyo iliyokuja kunitia matatani nikiwa mtu mzima mwenye wajukuu.

Zikaja kompyuta. Wembe tukaufungia kabati. Vipande vya shingoni vikawa mistari ya rangi kwenye kioo, na ukikosea unabonyeza kitufe, kosa linafutika. Bwana Hamdu alitazama hayo siku mbili, akauliza, "Na kilichokatwa kinakwenda wapi?" Hakupata jibu la kumridhisha, na mwaka uliofuata akastaafu.

Ramla alikuja kunichukua nikiwa nimebakiza miaka michache nami nistaafu. Nilikuwa nimekaa nanywa chai, akasimama mlangoni, msichana mwembamba mwenye sauti nzito kuliko mwili wake.

"Shikamoo, Bi. Zaina."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimekuja kukuchukua. Twataka kuanzisha podikasti."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Redio isiyokuwa na redio."

Nilicheka, nikaenda. Tulipangishiwa ghorofa ya tatu ya nyumba kuu kuu ya Mji Mkongwe, nyuma ya Forodhani, ambako kuanzia alasiri moshi wa mishikaki unapanda mpaka dirishani na hakuna mtu anayeweza kusoma habari za bajeti bila kumeza mate. Chumba cha kurekodia kilikuwa stoo. Tulitundika magodoro ya sufi kwenye kuta ili sauti isirudi, tukaziba mlango kwa mablanketi. Ndani kulikuwa na joto la tanuri. Waziri mmoja alitoka mle shati limemganda mgongoni, akasema hajawahi kuhojiwa vikali vile, na sisi tulikuwa tumemuuliza masuala manne tu ya upole.

Kazi ilikuwa hivi: kila siku habari moja, dakika ishirini na tano, inatoka saa kumi na moja jioni watu wanapotoka makazini, mtu anaisikiliza kwenye simu yake. Mimi nilizoea habari sita kwa dakika tano. Nilimuuliza Ramla dakika ishirini na tano tutasema nini. Kipindi cha kwanza kilikuwa juu ya vitunguu kupanda bei, Ramla akalifuata gunia moja tangu linaposhushwa bandarini mpaka sokoni Mwanakwerekwe, akizungumza na kila aliyeligusa. Mwisho akamkuta mama anayekaanga kachori, akamwuliza kachori zake za leo zina vitunguu vingapi. Mama akajibu, "Harufu tu." Nilipolikata lile neno na kuliweka mwisho wa kipindi, nywele zilinisimama. Nikajua kwamba kazi niliyoifanya miaka yote nilikuwa sijaijua vizuri.

Nakumbuka siku nyingi za furaha pale. Nakumbuka yule mtembezaji wa wageni wa msitu wa Jozani aliyekuja kueleza habari ya magari yanayowagonga kima punju, wale kima wekundu wa kwetu, barabarani, akazungumza nusu saa nzima kwa kunong'ona. Tulimwambia apandishe sauti, akapandisha, baada ya dakika moja akarudi kule kule. Miaka kumi na tano ya kutowatisha wanyama ilikuwa imemmaliza koo. Nilihangaika na sauti ile siku nzima, na wasikilizaji wakatuandikia kwamba hawajawahi kutulia hivyo kusikiliza kitu. Nakumbuka chai ya mkandaa, isiyo na maziwa, na mikate ya ufuta ya saa nne, na sote tukila tumesimama. Nyumbani kwangu sasa nna meza na viti sita, na chai haina ladha ile.

Sasa nifike kwenye karatasi.

Katika kijiji kimoja cha pwani ya mashariki, jina nalihifadhi, wanawake wanaolima mwani wana uwanja wa kuanikia karibu na ufuo. Alitokea mtu anautaka uwanja ule ajenge nyumba za wageni. Kukapangwa mkutano mbele ya sheha wa kijiji siku ya Jumamosi, na wanawake wakamchagua mwenzao mmoja awasemee, Bi. Mize. Ilikuwa tayari inavumishwa kwamba baadhi ya wanawake wamekwishakubali kuondoka. Ramla alikwenda Jumatatu alasiri akamhoji Bi. Mize pale pale uwanjani. Jumanne asubuhi akapanda boti kwenda Pemba kwa habari nyengine, akaniachia faili na ujumbe: "Bi. Zaina, mwisho wake usikilize vizuri, yule mama anajibu kwa kuzunguka."

Nikakaa, nikavaa hedifoni. Ramla anauliza, "Na wewe mwenyewe, Bi. Mize, unaridhia kuondoka hapa?" Mara hiyo hiyo msikiti wa kijiji ukaadhini Alasiri. Mnajua ada yetu: adhana ikiingia, watu wananyamaza. Ramla alinyamaza, Bi. Mize akanyamaza, kinasa sauti kikaachwa kinakwenda. Nami nikafanya nilivyofanya maisha yangu yote. Niliiondoa adhana. Mwishoni mwake palikuwa na sauti ya Ramla, ya chini, maikrofoni ikiwa mapajani, inasema kitu. Nikadhani anarudia swali lake. Nikaikata pamoja na adhana. Kisha Bi. Mize akasema, kwa sauti safi kabisa: "Naam. Mie sina pingamizi."

Nikaunga ncha mbili. Zilishikana vizuri sana.

Baada ya hapo Bi. Mize alieleza kwa urefu habari za mama yake aliyeanika pale, na yeye mwenyewe, na mjukuu wake aliyeanika pale jana, na kwamba hajui atamwambia nini. Mimi nikasikia majuto ya mtu aliyekwishakubali. Nikayapunguza, kwa kuwa muda ulikuwa umebana. Juu ya hayo nikaandika maelezo ya kipindi kwa mkono wangu mwenyewe: hata msemaji wao hana pingamizi. Nilifurahi kuwa nimepata habari.

Jumatano asubuhi Bwana Hamdu alinipigia simu. Alikuwa amezeeka, haoni vizuri, lakini hakuwa akikosa kipindi hata kimoja.

"Zaina. Yule mama wa mwani. Nyuma ya suali la Ramla pana mtu anagonga vigingi."

"Ndiyo, Bwana."

"Nyuma ya jibu hapana anayegonga. Kenda wapi?"

"Kenda kusali. Niliiondoa adhana hapo, Bwana. Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Mimi nilikufundisha kuiondoa adhana. Kitu gani chengine kimetoka nayo?"

Nilimjibu kwamba hakuna, na nilimjibu kwa ukali kidogo. Nilijiambia kwamba mzee sasa anasikia hata visivyokuwapo. Faili sikulifungua.

Alhamisi, kabla ya Adhuhuri, tulisikia mtu anapanda ngazi polepole. Ramla alikuwa amerejea asubuhi ile kutoka Pemba. Aliyeingia alikuwa mwanamke mrefu, baibui limechafuka kwa chumvi kwenye pindo, vidole vimepasuka pasuka. Ramla akasimama ghafla.

"Bi. Mize! Karibu. Karibu uketi."

"Sikuja kukaa," akasema. Hakuwa na hasira, na hilo lilinitisha zaidi. "Nani hapa anayekata?"

"Mimi," nikasema.

"Nataka nijisikie."

Nikamwekea kipindi. Alisikiliza amesimama, mkono mmoja ukutani. Ilipofika "Mie sina pingamizi," akafumba macho.

"Sauti yangu," akasema. "Lakini hilo sikulisema hapo."

Akatueleza yaliyompata. Tangu Jumanne jioni kipindi kimezunguka kijijini kwa simu. Jumatano alipofika uwanjani alilikuta jamvi lake limeburuzwa mpaka pembeni, karibu na majaani, mwani wake umo ndani yake. Akitoa salamu, hajibiwi. Bi. Mcha, ambaye ni mkubwa wao na alimpokea kwenye mwani angali msichana, amesema mbele ya watu kwamba Mize ameshanunuliwa. Na Jumamosi hasimami yeye tena kuwasemea.

"Nna miaka thalathini na wale," akasema. "Tumezikana, tumeozana. Leo napita kama paka."

Nikafungua faili zima, lile la mwanzo. Tulisikiliza watatu: swali, adhana, adhana mpaka mwisho, kimya kidogo, kisha Ramla kwa sauti ya chini. Nikapandisha sauti. Alikuwa anasema: "Bi. Mize, watu wanakwenda kusali. Wewe utaridhia tumalize kidogo, ndiyo ukasali?"

"Naam. Mie sina pingamizi. Tumalize."

Ramla alijishika mdomo. Mimi niliona aibu ambayo sijapata kuiona, si Ramadhani ile, si siku nyengine yoyote. Ramadhani watu walilipa siku moja. Huyu nilikuwa nimemvua jina lake.

"Nilikuwa nnajibu la sala," Bi. Mize akasema. "La uwanja nililijibu baadaye. Hukunisikia?"

Nilikuwa nimemsikia. Nilikuwa nimeshaamua amesema nini.

Mkuu wetu wa kazi alipoelezwa alisikitika, na akasema jambo la kawaida: kipindi kiondolewe, yaandikwe masahihisho. Bi. Mize akamwuliza nani atayasoma. "Kule waliyasikia," akasema. "Na wayasikie. Njooni muwasikilizishe wao, na mie niwepo, na wanitazame."

"Tutakuja," nikasema. "Adhana nitaitoa vizuri, niache ile sauti ya Ramla..."

"Ukiikata tena, watasema umekata na jengine."

Siku hiyo tukalitoa hewani kosa letu, Ramla akalieleza kwa mdomo wake mwanzoni mwa kipindi cha Alhamisi, bila kupamba. Jioni nikampigia Bwana Hamdu. Nilimwomba radhi kwanza. Alikubali upesi, hakutaka kulizungumza. Kisha nikamwambia nataka kuicheza adhana ya Alasiri nje ya wakati wake, yote, mbele ya watu.

"Saa ngapi?"

"Saa tatu asubuhi."

"Saa tatu hapana sala ya kumkosesha mtu. Waambie kabla." Kisha akaongeza: "Si Ramadhani, lakini?"

"Si Ramadhani, Bwana."

"Basi."

Jumamosi tulifika mapema, Ramla, mimi, na spika moja. Maji yalikuwa yamejaa, hakuna anayeweza kuingia shambani, kwa hiyo wanawake wote walikuwa juu uwanjani wanageuza mwani. Harufu yake ilikuwa nzito, ya chumvi. Tulitoa salamu, tukajibiwa sisi. Bi. Mize alitoa ya kwake, wakainama kwenye majamvi. Jamvi lake niliwahi kuliona nilipokuwa nashuka garini, peke yake kule karibu na jaa, nikajua ni hilo kabla sijaambiwa.

Miaka yote nilikuwa nikijificha nyuma ya sauti za wengine. Sijui kuzungumza mbele ya watu. Nilisema tu: "Naitwa Zaina. Yale maneno mliyoyasikia niliyaunga mimi. Bi. Mize hakuyasema vile. Nimeyaleta yote kama yalivyo, na ndani yake muna adhana ya Alasiri ya Jumatatu. Si ya sasa, musije mukasali."

Mmoja alicheka kidogo, akajizuia. Bi. Mcha, mwanamke mdogo wa umbo, mkavu, mwenye miwani iliyofungwa kamba, hakuinua uso. Aliendelea kugeuza mwani.

Nikabonyeza.

Kwanza vigingi vikigongwa. Kisha swali la Ramla, waziwazi, kila mtu alisikia. Wanawake walikuwa bado wanafanya kazi, lakini polepole. Halafu ikaanza adhana, sauti ya muadhini wao wenyewe wanayemjua, ikatoka kwenye spika ile saa tatu ya asubuhi.

Mikono ikasimama. Nilikuwa nimewaambia si ya sasa, na walijua si ya sasa, lakini mikono ilisimama yenyewe. Mmoja mmoja walivuta upande wa kanga kichwani. Bi. Mcha alikuwa ameinama na mwani umejaa viganjani, akabaki hivyo, midomo yake ikicheza. Bi. Mize naye alisimama kule pembeni, kichwa chini. Adhana ilikuwa ndefu. Sijawahi kuisikiliza moja nzima na hedifoni zikiwa mezani tangu nianze kazi; kila nilipoisikia nilikuwa natafuta ilipoanza na itakapoisha. Kwa muda ule wote hapakuwa na wa katikati na wa pembeni pale uwanjani. Wote walikuwa wamenyamaza kwa kitu kimoja.

Ikaisha. Ikaja sauti ya Ramla ya chini, ya kuuliza habari ya kusali. Ikaja ya Bi. Mize: "Naam. Mie sina pingamizi. Tumalize." Na bila kukatwa, maneno yaliyofuata, yale niliyoyafupisha:

"Ama hapa, mwanangu, mama yangu kaanika. Na mie nnaanika. Na mjukuu wangu jana kaanika polo lake la mwanzo la mwani. Sasa hiyo karatasi ya kuondoka nitie kidole, kesho yule mtoto anambie, bibi, niende nikaanike wapi? Nimwambie nini? We ungemwambia nini?"

Nikazima spika. Ramla alikuwa anatazama mchanga. Bi. Mize hakusogea alipokuwa.

Bi. Mcha akautua mwani aliokuwa nao. Alijifuta mikono kwenye kanga, akavuka uwanja taratibu mpaka kwenye lile jamvi la karibu na jaa, akainama, akashika ncha mbili. Lilikuwa zito, halikwenda. Akageuka nyuma.

"Nyie mnatazama nini? Mnangoja mie nikatike kiuno?"

Wakaja watatu, kisha watano. Walilibeba jamvi na mwani wake mpaka katikati, pale pale lilipokuwa siku zote. Niliona mchanga wa pale ulikuwa na rangi tofauti, na hakuna aliyekuwa amepakalia. Bi. Mcha akalinyoosha ukingo kwa mguu. Ndipo akamtazama Bi. Mize.

"Mkutano saa ngapi?"

"Saa nne," Bi. Mize akasema.

"Basi nenda kaoge. Usende kutusemea na chumvi mwilini."

Nililia mbele za watu, mimi Bi. Futari, na spika nimeikumbatia. Ramla akaniongoza mpaka kwenye gari.

Uwanja ule mpaka leo wanauvutania, na mwani mpaka leo unaanikwa pale. Jumatatu yake niliingia kazini mapema kabla ya mtu mwengine, nikabandika ile karatasi. Msiibandue.